Mbuni huyu ni yupi?

Andika neno "mbuni". Kama ni ndege yule wa shingo ndefu anayetembea katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, maghorofa ya jiji yakimchungulia kwa nyuma, neno hilo lina mizani mbili: mbu-ni. Kama ni mti wa kahawa kule Kiambu, lina mizani tatu: m-bu-ni. Kama ni mtu aliyebuni jambo, ni tatu vilevile. Herufi ni zile zile tano. Aliyekua na Kiswahili hasumbuki, kwa sababu ile m ya mti na ya mtu anaisikia ikisimama peke yake, na ile ya ndege anaisikia ikishikana na b, zikatoka kwa pumzi moja. Kompyuta haina habari hiyo.

Riziki yangu ni kuandika programu za hesabu za maduka, katika ofisi moja kando ya Ngong Road. Mapenzi yangu ni ushairi wa arudhi, ule unaofuata vina na mizani. Miezi kadhaa iliyopita niliviunganisha viwili hivi nikaandika programu ndogo ya kupima mizani. Nikaipa kipande "Mbuni amesimama". Ikajibu: saba. Nikakihesabu kwa vidole, nikapata nane. Nikasoma upya kila mstari wa programu nikitafuta kosa, usiku ukaenda, na kosa sikuliona. Kulipokaribia kupambazuka ndipo nilipoelewa kwamba sote wawili tulikuwa sawa. Mimi nilimkusudia mtu. Programu ilikuwa imehesabu ndege.

Ninaanza na mbuni kwa sababu naona mjadala wa kompyuta na ushairi hapa kwetu umeshika njia isiyofika mbali. Unauliza swali moja: je, mashine inaweza kutunga shairi? Watu hubishana usiku kucha, huyu anasema ndiyo, yule anasema mashine haina moyo, na wote huenda kulala wakiwa pale pale walipoanzia. Mimi nauliza jingine: sisi tunaotunga kwa Kiswahili, tumeiandikia kompyuta kanuni gani? Maana sanaa ya ushairi wa kompyuta, kama ilivyo tangu mwanzo wake, ni sanaa ya kutunga kanuni. Mtu huamua maneno yapi yaingie, yakutane vipi, nini kisibadilike na nini kibadilike kila mara, kisha anaiachia mashine izunguke. Kanuni ndiyo tungo lake. Nasi tumerithi kanuni za utungo kwa wingi ambao lugha nyingi zingeuonea wivu, lakini tumeziacha kabatini.

Sanaa hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1845, katika ukumbi wa Egyptian Hall jijini London, Mwingereza John Clark alionyesha sanduku la mbao alilolipa jina Eureka. Ndani mlikuwa na magurudumu na vijiti vyenye herufi. Ukiliendesha, linazunguka na kukupa mstari mmoja wa shairi la Kilatini, uliotimia kwa vipimo vya lugha hiyo. Hakukuwa na umeme wala kompyuta. Clark alikuwa ametambua kwamba kipimo cha shairi ni jambo la kuhesabika, na kinachohesabika kinaweza kukabidhiwa gurudumu.

Kompyuta zenyewe zilipokuja, mashairi hayakukawia. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliifundisha kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester kuandika barua za mapenzi. Mashine ilichagua maneno kwa bahati nasibu, ikayapachika katika sentensi zilizokwisha kuandaliwa, ikatia saini ya M.U.C., yaani kompyuta ya chuo hicho. Mwaka 1959, huko Ujerumani, Theo Lutz alichukua maneno kutoka riwaya ya Kafka kuhusu kasri, viima 16 na viarifu 16, akaiachia kompyuta ya Zuse Z22 iyachanganye. Miaka miwili baadaye Mfaransa Raymond Queneau alichapisha soneti 10 ambazo kila mstari wake ulikatwa utepe wake, msomaji achanganye mwenyewe kwa mkono. Mistari 14, kila mmoja una chaguo 10, kwa hiyo mashairi ni trilioni 100. Nayo ilikuwa karatasi tu! Msomaji ndiye aliyekuwa mashine.

Kazi ninayoipenda kuliko zote hizi ni ya mwaka 1967. Msanii Alison Knowles wa Marekani, akisaidiwa na mtunzi wa muziki James Tenney, alitengeneza orodha nne: nyumba imejengwa kwa nini, iko wapi, inamulikwa na nini, na wanaokaa ndani ni akina nani. Kompyuta ikachagua moja kutoka kila orodha, ikaandika ubeti, ikaandika mwingine, na mwingine. Kila ubeti ni nyumba. Ukisoma kurasa kadhaa unaanza kuona mtaa, kisha mji, kisha unajiuliza ni nani aliyepangiwa nyumba ya namna ile na kwa nini. Kwa mtu anayeishi Nairobi, mji ambao ukitaja nyumba imejengwa kwa nini na inapata taa vipi umeshataja nusu ya maisha ya mwenyewe, orodha zile nne zinauma.

Sasa jaribu kulifanya jambo hilo kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye uhondo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kiolezo cha Strachey kikija kwetu kinavunjika papo hapo. Kwa Kiingereza unaweza kuchomoa nomino moja ukapachika nyingine na sentensi isitikisike. Kwa Kiswahili nomino ikibadilika, kila kitu kinageuka kuitazama: hamu yangu, pendo langu, moyo wangu, vionjo vyangu. Ukiwa na orodha ya majina na orodha ya vivumishi tu, mashine itakuletea "kiti nzuri imevunjika", na msomaji atafunga macho kwa uchungu. Ya Knowles inapita, na sababu yake ni nzuri kuifikiria: katika ubeti wake nomino kuu haibadiliki kamwe. Ni nyumba, nyumba, nyumba. Ukishaiweka nyumba mwanzoni, basi iliyojengwa ni yenyewe, inayomulikwa ni yenyewe, na upatanisho wote unatulia.

Wenzangu wa kazi wakisikia haya husema basi Kiswahili ni kigumu kwa kompyuta. Mimi nasema wameitazama neema wakaiita kikwazo. Chukua kipande hiki cha mizani nane: "imekataa kuwaka". Ni nini kimekataa? Hatujaambiwa. Ile i- imeachwa mlangoni ikimngojea mwenyewe. Sasa ipe mashine vipande vitatu vya ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, ichague:

Simu iko mfukoni, imekataa kuwaka
Taa iko mlangoni, imekataa kuwaka
Roho iko safarini, imekataa kuwaka

Utao, ile nusu ya pili, ni ule ule, haukuguswa hata herufi. Katika mshororo wa kwanza ni kero ya kila siku. Katika wa pili kuna mtu anayerudi nyumbani akakuta giza. Katika wa tatu sijui nieleze vipi; kila ninapousoma nanyamaza kwanza. Kazi hiyo yote imefanywa na irabu moja ya upatanisho. Lugha ambayo kitenzi chake hubeba kivuli cha nomino isiyotajwa ni lugha iliyoumbwa kwa ajili ya vipande vinavyokutana kwa nasibu. Hatuhitaji kuazima violezo vya watu. Tunahitaji kuandika vyetu kuanzia kwenye ngeli.

Wala hesabu si ugeni kwetu. Neno lenyewe arudhi limetoka katika elimu ya Al-Khalil ibn Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, aliyezipanga bahari, yaani aina za vipimo, za ushairi wa Kiarabu katika duara tano. Ukianza kusoma duara mahali hapa unapata bahari hii. Ukianza hatua moja mbele, duara lile lile linakupa bahari nyingine. Tazama alichofanya mzee yule: aliandika kanuni fupi inayozaa vipimo vingi, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya sanduku la Clark. Sisi tulilichukua neno arudhi, tukalichukua neno bahari, tukavikata vipimo upya kulingana na ulimi wetu: mizani nane za ukwapi, nane za utao, vina viwili, kibwagizo. Mtunzi wa pwani aliyekuwa akihesabu kwa vidole vya mkono mmoja huku akitunga kwa kichwa alikuwa akifuata programu. Aliihifadhi kifuani.

Programu yangu mimi ni ndogo sana. Ina vipande 20: vya ukwapi 10 vinavyokwisha kwa -ni, na vya utao 10 vinavyokwisha kwa -ka. Kila kimoja nimekitunga mwenyewe na kukipima mizani nane. Mashine inachagua vitatu upande huu na vitatu upande ule bila kurudia, inavioanisha, kisha inafunga kwa kibwagizo ambacho hakibadiliki. Beti zinazowezekana ni 518,400. Ukisoma ubeti mmoja kila sekunde 10, usile wala usilale, utamaliza baada ya siku 60 kamili. Huu hapa mmoja, kama ulivyotoka:

Mama yuko kijijini, chaji nayo imeshuka,
Tumebanana garini, na taa zimezimika,
Mawingu yako angani, barabara zafurika,
Nami nawaza nyumbani, ni lini nitapofika.

Mshororo wa kwanza sikuuandika. Niliandika "Mama yuko kijijini" nikiwa na "mahindi yamekauka" akilini, maana mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kule kwetu. Na "chaji nayo imeshuka" nilikitunga kiandamane na simu ya mfukoni, jambo dogo tu la kuchekesha safarini. Nilipoviona vimekaa pamoja, nilijiona mimi mwenyewe jioni fulani, nikishika simu iliyokufa, na upande wa pili wa simu ile kuna mtu anayengoja. Vipande vyote viwili ni vyangu. Maana ile haikuwa yangu mpaka nilipoisoma.

Jioni moja nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Buruburu, Jogoo Road imefungana, gari halisogei. Nikaifungua programu kwenye simu nikawa nabonyeza, ubeti baada ya ubeti. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kikapu cha sukuma wiki magotini. Nikaona ameinamia kioo.

"Mwanangu, hiyo ni mashairi?"

"Ndiyo, mama."

"Rudisha ile ya mama yuko kijijini."

Haikurudishika, nilikuwa sijaiweka hifadhi ya beti zilizopita. Nikamsomea kwa kumbukumbu. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikamweleza kwamba vipande nimevitunga mimi, ila kuviunganisha ni kazi ya mashine, nayo inachagua bila kujua. Akalipima jibu langu kwa muda mrefu, gari likasogea hatua mbili likasimama tena.

"Sasa huyo mama," akasema, "atajuaje kama mtoto amefika salama?"

Sikuwa na jibu, na sidhani alilihitaji. Aliposhuka aliniambia niongeze kipande cha mtu anayepiga simu bila kupokelewa. Nimekiongeza. Namba ile ya 518,400 tayari imepitwa.

Ninalisimulia hili kwa sababu linajibu hoja ya moyo. Kweli, mashine haina moyo, na hilo halijawahi kuwa tatizo. Moyo ulikuwapo mara mbili: kwa aliyetunga vipande na kwa aliyesoma. Katikati palikuwa na nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo kompyuta inayotupa. Mtunzi anayeandika ubeti mmoja huziba kila ufa kwa nia yake. Anayeandika kanuni huacha ufa makusudi, akiamini kwamba mtu fulani asiyemjua, kwenye matatu asiyoipanda, ataupitia na mzigo wake mwenyewe.

Sasa nigeukie mashine za siku hizi, kwa sababu msomaji amekuwa akizingoja tangu aya ya kwanza. Tangu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuagiza shairi kama anavyoagiza chai. Mwaka jana niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya mashairi ya shule. Mashairi matatu kati ya niliyopewa yalikuwa ndugu wa tumbo moja: jua la matumaini linachomoza, tushikane mikono, kesho ni yetu. Wanafunzi watatu wasiofahamiana. Nilihesabu mizani: nane, tisa, saba, kumi. Vina vilikuwapo kwa bahati, vikatoweka kwa bahati. Nilihuzunika kuliko nilivyokasirika, kwa kuwa watoto wale walikuwa wamekwenda kuomba maji kwenye mtungi usio na maji yao.

Sababu ya mizani kuyumba inafahamika, na inafaa mwalimu wa ushairi aijue. Programu hizi za akili mnemba hazisomi silabi. Maandishi hukatwakatwa kwanza kuwa vipande, na mahali pa kukata hufunzwa kutokana na maandishi mengi mno, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Neno kama "tunawakumbukeni" huweza kukatwa pale ambapo hakuna Mswahili ambaye angevuta pumzi. Baada ya hapo mashine inakisia kipande kinachofuata, kimoja kimoja. Inajua vizuri ni maneno gani hupenda kukaa karibu, ndiyo maana jua na matumaini havikosani. Hesabu ya nane na nane haioni, kwa kuwa ilishapotea kwenye ukataji.

Kwa hiyo tuna mashine mbili zenye kasoro za kupishana. Ile ndogo yangu inahesabu bila kukosea, isipokuwa inapokutana na mbuni, lakini haijui neno lolote maana yake. Ile kubwa inasema kwa ufasaha juu ya kila kitu na haiwezi kukaa ndani ya mshororo. Nikiambiwa nichague, nachagua ndogo. Naielewa yote kutoka juu hadi chini, kila neno lake nalijibia mimi, na ikiniletea ubeti mbaya najua kipande cha kulaumu. Ile kubwa inatumia maandishi ya watu wasiohesabika ambao hawakuulizwa, na hapa hapa Nairobi kuna vijana ambao kazi yao ilikuwa kusoma maandishi machafu siku nzima, kwa malipo madogo, ili mashine hizo zijifunze adabu. Nikisoma shairi lake kuhusu utu nawakumbuka vijana hao, na shairi linanishinda kumaliza.

Sisemi isiguswe. Kuna wasanii wanaoikunja ikasema mambo ambayo waundaji wake hawakuyatazamia. Lakini anayeiagiza "nitungie shairi la amani" na kutia jina lake chini hajatunga wala hajaandika programu. Ameagiza tu.

Haya yote yanaurudisha ugomvi wetu wa zamani. Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, wakarushiana maneno kwa muda mrefu na wanamageuzi, wanaoviacha. Nililelewa upande wa mapokeo na sijahama. Lakini lazima nikiri kwamba programu yangu imenipokonya hoja moja niliyokuwa nikiitegemea. Kama vina na mizani vingetosha kulifanya tungo kuwa shairi, basi ningekuwa na beti nusu milioni za kishairi, zote zimetimia, na ukweli ni kwamba nyingi hazina ladha. Wanamageuzi walisema hivyo zamani.

Ila nao wamepokonywa kitu. Walizoea kutuambia kwamba kanuni ni minyororo, kwamba mtunzi aliyefungwa na mizani hana uhuru wa kusema lake. Mbona basi "Mama yuko kijijini, chaji nayo imeshuka" umetoka ndani ya mnyororo? Bila kipimo cha nane na nane vipande vile visingekaa pamoja hata kidogo. Vingekuwa sentensi mbili zinazopishana. Kipimo ndicho kiungo kinachofanya kila ukwapi uwe tayari kupokea kila utao, kama nati na bolti za saizi moja. Anayetunga shairi huru kwa kompyuta atalazimika kutafuta kiungo kingine, na nina hamu ya kweli kukiona. Huenda ni takriri, yaani kurudiarudia maneno. Huenda ni umbo la maneno kwenye kioo, jambo ambalo washairi wa Nairobi wamekwisha kulionja katika karatasi. Namngoja kijana wa Sheng atakayeandika programu inayobadilisha maneno yake kila baada ya miezi michache, kwa vile Sheng yenyewe haikai.

Na kuhusu mahali pa kusomea, hatuna haja ya kumbi. Msomaji wetu ana simu. Ule ubeti wangu wa matatu niliuhesabu: ukijumlisha herufi, alama, nafasi, pamoja na kushuka mstari, ni 160, ambao ndio ukomo wa ujumbe mfupi mmoja. Sikuupangia hivyo. Ubeti wa utenzi, wenye mizani 32, utachukua karibu nusu ya nafasi hiyo hata kwenye simu ya kabambe isiyojua intaneti. Gazeti la Taifa Leo huchapisha mashairi ya wasomaji, na watunzi hujibizana humo ubeti kwa ubeti. Naomba mhariri yeyote wa ukurasa wa namna hiyo afikirie jambo dogo: siku moja achapishe vipande peke yake, kumi kushoto na kumi kulia, msomaji apewe mkasi. Asiandike jina la shairi. Wasomaji watumie waliyoyapata. Nina hakika mzozo utakaofuata utakuwa mtamu kuliko ule wa nani ana moyo.

Walimu nao nawaomba wasimfukuze mwanafunzi aliyeleta shairi la mashine. Wamkalishe, wamwambie: andika wewe programu ya kuhesabu mizani. Hahitaji maabara ya kifahari. Mistari 30 inatosha. Ataanza kwa kuhesabu irabu, kwa sababu Kiswahili ni chema, irabu moja karibu kila mara ni silabi moja. Kisha atakutana na "mtu" na kuona kwamba m imesimama peke yake, airekebishe kanuni. Kisha "mbuzi", ambapo haikusimama. Kisha "nchi". Kisha "labda", ambapo atakuta walimu wenyewe hawajakubaliana. Kisha "mgeni mbaya" na "habari mbaya", kivumishi kile kile, tatu kwa mgeni, mbili kwa habari, na hapo atalazimika kuifundisha programu ngeli. Mwanafunzi huyo akimaliza atakuwa ameusikiliza Kiswahili kwa makini ambayo mimi niliyapata nikiwa na mvi.

Mbuni bado yupo. Kwa mgeni na habari, ngeli iliniokoa. Kwa mti wa kahawa vilevile, maana mti umesimama. Lakini ndege amesimama na mtu amesimama, na hakuna kiambishi cha kuwatenga. Nilijaribu kuiambia programu itazame maneno ya jirani. Ikiona mayai au manyoya, basi ni ndege. Nikaifuta kanuni hiyo. Sasa nimeiandikia kwamba ikifika kwenye neno hilo isimame, iandike kwenye kioo, "Mbuni huyu ni yupi?", na ingoje. Juzi usiku ilisimama. Nilikuwa nimeandika kipande kipya, sikukumbuka hata nilichokusudia. Nikaweka kidole kwenye kibonyezo cha mtu, nikakiondoa, nikakipeleka kwa ndege. Nje kulikuwa kimya, isipokuwa lori moja kule barabarani. Akiwa mtu, mshororo umetimia. Akiwa ndege, umepungukiwa na mizani moja, na unachechemea pale pale ambapo ndege wa shingo ndefu angetakiwa kupaa. Sijabonyeza bado.